Kalemie: Motere ya bei rahisi inalipwa na mvuvi

KALEMIE, Tanganyika – Hapa kando ya ziwa kuna neno linalorudiwa mpaka limekuwa kama sheria: "Motere ya mapigo mawili ndiyo motere ya maskini." Tajiri mwenye mitumbwi analisema anapokwenda kununua. Fundi analisema chini ya mwembe huku mikono imejaa grisi. Hata mvuvi ambaye hajawahi kumiliki motere maishani mwake analisema, tena kwa nguvu kupita wote.

Mimi nasema neno hilo ni uongo, na uongo huo una mtu unayemnufaisha. Motere ya mapigo mawili inanunuliwa na mwenye pesa, kisha inalipwa na maskini, lita kwa lita, usiku kwa usiku, miaka yote itakayodumu. Ndugu msomaji, naomba unifuate polepole, maana hesabu hii inawahusu watu wanaolala majini ili sisi tule ndakala.

Motere mbili, tabia mbili

Kwanza tuelewane juu ya majina. Motere ya mapigo mawili ni ile ya kuchanganya oili ndani ya esanse. Ndiyo iliyojaa katika fukwe zetu zote, kuanzia Moba, kupita Kalemie na Kabimba, mpaka Baraka na Uvira. Ukisikia mlio mkali wa kupasua masikio, na ukaona moshi wa rangi ya buluu nyuma ya mtumbwi, ndiyo hiyo. Motere ya mapigo manne inatumia esanse tupu, na oili yake inakaa chini mahali pake, kama kwenye gari.

Ndani ya motere ya mapigo mawili, kila shafti inapozunguka mara moja, esanse inawaka mara moja. Katika mapigo manne, shafti inazunguka mara mbili ndipo esanse inawaka mara moja. Kwa sababu hiyo motere ya mapigo mawili ina nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Tena haina valvu wala mkanda wa kuziendesha. Vyuma vyake ni vichache, na fundi anaweza kuifungua na kuifunga kabla jua halijawa kali. Hizo ni sifa za kweli, na sitazificha.

Lakini ina tabia moja mbaya. Kwa kuwa haina valvu, esanse mpya inaingia katika silinda wakati uleule ambao moshi wa zamani unatoka. Milango yote miwili iko wazi kwa pamoja, na sehemu ya esanse mpya inatoka nje kabla haijawaka. Vipimo vilivyofanywa kwa motere za aina hii zenye karbirateri vinaonyesha kwamba robo ya esanse, na wakati mwingine hadi 30 kwa mia, inaweza kupotea namna hiyo. Unanunua bidoni nne za esanse, moja inakwenda bila kusukuma mtumbwi hata hatua moja. Na oili uliyochanganya humo inateketea au inatoka pamoja nayo. Hairudi.

Ndiyo maana motere ya mapigo manne yenye nguvu ileile, kwa kazi ileile, inakunywa pungufu kwa karibu theluthi. Wapo watakaosema ni zaidi, wapo watakaosema ni pungufu kidogo, kwa kuwa inategemea mwendo na mzigo. Mimi nitachukua 30 kwa mia.

Nani anatoa pesa ya esanse?

Hapa ndipo penye shina la maneno yangu. Desturi ya timu nyingi za uvuvi inajulikana. Asubuhi samaki wanauzwa. Kwanza zinatolewa pesa za matumizi ya usiku: esanse, oili, chakula, na chaji ya taa. Zinazobaki ndizo zinazogawanywa. Sehemu moja inakwenda kwa tajiri, kwa ajili ya mitumbwi, wavu na motere. Sehemu nyingine inakwenda kwa wavuvi, nao wanagawana wao kwa wao. Kiasi kinatofautiana kati ya timu na timu, lakini mpango ni huohuo.

Sasa tazama jambo lililojificha ndani ya mpango huo. Siku ya kununua motere, pesa zinatoka mfukoni mwa tajiri peke yake. Kwa hiyo anatafuta ya bei ya chini. Siku ya kununua esanse, pesa zinatoka kwenye chungu cha wote. Kwa hiyo tajiri haumii sana motere ikikunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Anayechagua motere ni mmoja, na wanaolisha motere ni wote. Mwenye kauli ametengana na mwenye gharama.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme timu yako ina mitumbwi miwili iliyofungwa kwa miti, wavu wa kuinua katikati, na motere moja ya mapigo mawili. Tuseme kila usiku inatumia lita 20 za esanse, na motere inafanya kazi kama saa mbili, kwenda na kurudi na kubadilisha mahali. Mbalamwezi ikiwa kubwa hamwendi, maana samaki hawafuati taa. Kwa hiyo tuweke usiku 20 kwa mwezi. Hizo ni lita 400 kwa mwezi. Motere ya mapigo manne ingekuokolea 30 kwa mia, yaani lita 120 kila mwezi.

Tuondoe miezi mitatu katika mwaka kwa ajili ya kupumzisha ziwa, kama Tanzania ilivyofanya upande wake kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti 2024. Inabaki miezi tisa. Lita 120 mara tisa ni lita 1,080. Lita elfu moja na themanini kwa mwaka, timu moja, motere moja!

Na oili? Mchanganyiko unaotakiwa kwa motere nyingi za aina hii ni lita moja ya oili kwa lita 50 za esanse. Kwa lita 400 za mwezi, ni lita 8 za oili. Kwa miezi tisa, lita 72. Motere ya mapigo manne inabadilishiwa oili baada ya saa 20 za kwanza, halafu kila saa 100. Kwa saa 360 za mwaka wetu, ni mara nne. Ukiweka lita mbili kila mara, ni lita 8 tu. Umebakiza lita 64 za oili, na wewe unajua oili ilivyo ghali kupita esanse.

Tukichukua kwamba matumizi yanakatwa kwanza na kinachobaki kinagawanywa nusu kwa nusu, basi nusu ya hasara ile ni ya wavuvi: lita 540. Kama ni watu sita, kila mmoja ametoa lita 90 za esanse kwa mwaka kwa ajili ya motere ambayo hakuichagua, ambayo si yake, na ambayo ikiuzwa kesho hapati hata franka mia. Chukua bei ya esanse ya leo kwa lita, zidisha mara 90, halafu uniambie hiyo ni karo ya watoto wangapi.

Lita 540 nyingine ni za tajiri mwenyewe. Hapo ndipo nacheka kidogo. Mtu aliyekwepa bei ya dukani siku moja anakatwa kila usiku, na haoni kwa sababu anakatwa kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Kwa miaka mitatu amepoteza lita 1,620 za upande wake. Weka bei, kisha linganisha na tofauti ya bei kati ya motere ile na ile. Fanya hesabu hiyo kabla ya kusema mapigo manne ni ghali.

Na kama tajiri huyohuyo ndiye anayeiuzia timu yake esanse, hapo mambo yanakuwa mabaya zaidi. Motere ikinywa sana, yeye anauza sana. Timu ya namna hiyo haitabadilisha motere mpaka wavuvi wafungue kinywa.

Namba zangu si amri. Kama timu yako inatumia lita 10 au 35, weka zako. Njia ya kuhesabu ni ileile.

Majibu kwa wanaopinga

Najua yatakayosemwa. Nimeyasikia ufukweni mara nyingi, na mengine yana uzito.

Wa kwanza anasema: "Mafundi wetu hawajui mapigo manne." Ndugu yangu, geuka utazame barabara. Pikipiki za teksi zinazokubeba kila siku, TVS, Boxer, Haojue, zote ni za mapigo manne. Zina valvu, zina mnyororo wa ndani, zina oili yake chini. Vijana wetu wanazifungua na kuzirekebisha kando ya barabara kwa spana chache na kopo la esanse. Zamani pikipiki za mapigo mawili zilikuwapo kwa wingi, Yamaha za wamisionari na za miradi, na watu walisema vilevile kwamba hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yake. Leo ziko wapi? Kijana anayerekebisha valvu za Boxer hashindwi kujifunza motere ya mtumbwi. Anachokosa ni piesi na kitabu cha vipimo.

Wa pili anasema: "Piesi hazipatikani." Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, na linauma. Motere bila piesi ni nanga. Lakini piesi zinafuata wateja. Piesi za mapigo mawili zimejaa sokoni kwa sababu tumenunua motere hizo miaka mingi, hazikushuka kutoka mbinguni. Mfanyabiashara hataleta filta na mkanda wa motere moja iliyopo Kalemie nzima. Timu kumi zikinunua aina moja na nguvu moja, ataleta. Kwa hiyo nawasihi, msinunue kila mtu kivyake, huyu aina hii, yule aina ile. Ongeeni kwanza.

Wa tatu anasema: "Ni nzito." Hapa namvulia kofia. Motere ya mapigo mawili ya farasi 40, ile inayojulikana sana ziwani, ina kilo 70 na kitu. Ya mapigo manne ya farasi hizohizo inakaribia kilo 100. Kwa mtu anayeiacha kwenye boti ya abiria, tofauti hiyo si kitu. Kwa mvuvi anayeitoa kila asubuhi na kuipandisha nyumbani begani kwa kuogopa wezi, ni jambo kubwa. Lakini nami nauliza: je, kila mtumbwi wenye farasi 40 unahitaji farasi 40? Baadhi ya motere mpya za mapigo manne za farasi 25 ziko chini ya kilo 70. Wengi wananunua nguvu kubwa kwa ajili ya sifa, kisha wanaendesha nusu ya gesi usiku kucha. Na motere ya mapigo mawili ikiendeshwa polepole kwa muda mrefu, buji zinachafuka kwa oili, inaanza kukohoa, halafu inazimika.

Wa nne anasema: "Mapigo mawili haiharibiki." Mwambie aende akaone vyuma vilivyotupwa nyuma ya karakana. Motere hii inaishi kwa oili iliyochanganywa sawasawa. Sisi tunachanganyaje? Kwa macho, gizani, kwa kifuniko cha chupa, na mara nyingi kwa oili ya gari badala ya ile ya motere za majini, inayoandikwa TC-W3 kwenye kopo. Ukiweka nyingi, buji zinakufa. Ukipunguza ili ubakize pesa, pistoni inashika silinda. Na pistoni haingoji mfike pwani ndipo ishike.

Tukumbuke ziwa hili ni ziwa gani. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita 1,470. Hakuna nanga itakayofika chini huko. Upepo wa kusini wa kiangazi ukivuma na motere imekufa, mtumbwi unakwenda unakotaka upepo. Ninyi mnaosafiri kwenda Moba mnajua ninachosema.

Sisemi kwamba mapigo manne haiui mtu. Nayo ina mambo yake. Inataka esanse safi, na esanse tunayonunua kwa wale wauzaji wa kando ya barabara tunaowaita kadhafi mara nyingine ina maji na mchanga. Lazima uichuje, lazima uweke filta. Lazima uchungulie kijiti cha oili kila siku. Ukiilaza ufukweni, ilaze upande unaoonyeshwa na kitabu, la sivyo oili inapanda kwenye silinda. Ikizama majini, inataka fundi siku hiyohiyo. Na unaponunua, tafuta inayowashwa kwa kamba, usichukue ile isiyoweza kuwaka bila betri. Mtu asiyetaka kufanya hayo asiguse motere ya mapigo manne, na nasema wazi kwamba asipewe hata motere ya mapigo mawili.

Ziwa lisilotoa nje

Kuna anayelipa zaidi ya mvuvi na tajiri, naye ni ziwa.

Motere za majini zinatoa moshi wake chini ya maji, katikati ya pangaboi. Esanse na oili isiyowaka inaanzia humo. Sehemu kubwa ya esanse inapanda hewani, lakini oili na masizi yake havina mbawa. Kwa timu yetu ya lita 20 kwa usiku, robo yake ni lita 5. Ni nani kati yetu angekubali kumwona mtu akisimama ufukweni kila jioni na kumwaga bidoni ya lita 5 majini, pale mama zetu wanapochota? Tungempiga mawe. Lakini motere inafanya hivyo usiku, mbali na macho yetu, na tunaiita motere ya maskini.

Watu wa Kalemie wanajua jambo ambalo wengine wanasoma vitabuni tu: Tanganyika ina mlango mmoja wa kutokea, nao uko hapa kwetu, mto Lukuga. Hakuna mto mwingine unaotoa maji ya ziwa hili. Maji mengi yanapotea kwa mvuke, na wataalamu wanahesabu kwamba tone moja la maji linaweza kukaa ziwani zaidi ya miaka 400. Uchafu usiooza unaoingia leo utawakuta wajukuu wa wajukuu zetu. Wengi wetu tunakunywa maji ya ziwa hilohilo. Kipindupindu kimetufundisha kutia dawa ya klorini, na klorini inaua vijidudu kweli. Haiondoi oili.

Samaki wenyewe wanapungua. Mwaka 2003, watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani, na kwamba hilo linaweza kuwa limepunguza samaki kwa karibu 30 kwa mia. Tuna ndakala na mikebuka wachache kupita wazazi wetu, halafu tunatupa 30 kwa mia ya esanse tunapowafuata. Hapa hakuna faida.

Wenzetu wenye maziwa ya kina waliliona hili. Ziwa Tahoe huko Marekani, ambalo nalo maji yake yanakaa mamia ya miaka, lilikataza motere za mapigo mawili zenye karbirateri kuanzia mwaka 1999. Katika nchi za theluji, watu wanabishana mabishano yetu haya haya juu ya pikipiki zao za theluji: wengine wanapenda mapigo mawili kwa wepesi, wengine mapigo manne kwa kunywa kidogo na kudumu safarini. Lakini kwao wengi wanatafuta starehe ya mwisho wa juma. Kwetu ni chakula cha kesho.

Na ni vizuri tujue jambo hili: motere mpya za mapigo mawili zenye karbirateri haziuzwi tena Ulaya wala Marekani, kwa sababu ya sheria za moshi. Zinaendelea kutengenezwa kwa ajili ya masoko kama yetu. Kile walichokikataa kwenye maji yao kinaletwa kwenye maji yetu, nasi tunashukuru kwa bei.

Nini kifanyike

Kuna watakaotaka serikali ya jimbo ipige marufuku motere za mapigo mawili kesho asubuhi. Mimi sitaki. Tunajua marufuku inavyofanya kazi hapa kwetu: motere zitabaki, ila kila kizuizi kitapata sababu mpya ya kudai pesa. Mvuvi mdogo ndiye atakayekamatwa, mwenye boti kumi atapita. Nataka mambo manne yaliyo rahisi kupita hayo.

La kwanza ni la timu zenyewe. Wavuvi wakubaliane na tajiri idadi ya lita za usiku mmoja, kulingana na umbali, kama vile motere ingekuwa ya mapigo manne. Lita hizo zitoke kwenye chungu cha wote. Zikizidi kwa sababu motere ni mlafi, ziada itoke kwenye sehemu ya tajiri. Haki gani inayokataa hilo? Aliyechagua motere ailishe. Naamini mwezi mmoja wa mpango huo utabadilisha mawazo ya matajiri wengi kupita mikutano kumi ya mazingira.

La pili ni la matajiri. Kaeni pamoja, chagueni aina moja, mnunue kwa pamoja, na mwambieni muuzaji kwamba bila piesi hakuna biashara. Mkifanya hivyo mtakuwa na nguvu ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyo nayo peke yake. Anzeni na boti za abiria na mizigo, zile zinazokimbia saa nyingi kila juma. Hizo ndizo zinazorudisha pesa haraka. Mzee mwenye mtumbwi mdogo anayewasha motere saa mbili kwa juma abaki na yake ya zamani kwa amani. Kwake hesabu haibadiliki sana.

La tatu ni la mashirika yanayogawa motere kwa vyama vya wavuvi. Msitupe motere bila vifaa, bila piesi za miaka miwili, na bila kufundisha mafundi wawili au watatu kwa jina na kwa cheti. Motere ya mapigo manne iliyokufa baada ya miezi sita kwa kukosa filta inaharibu sifa ya zote. Watu wanaiona imelala, wanasema, "Si tuliwaambia?" Zawadi ya namna hiyo inatuchelewesha.

La nne ni la viongozi wa jimbo na wa nchi. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa hili mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003. Mkataba unazungumza juu ya kuzuia uchafuzi. Basi punguzeni ushuru kwa motere za mapigo manne na piesi zake zinapoingia kwenye bandari yetu. Gharama yake kwa hazina ni ndogo, na kila mtu ataiona bei ikishuka dukani. Kusema "tulinde ziwa" kwenye warsha hotelini, huku motere safi na motere chafu zinakatwa kodi sawa, ni kupiga maji kinu.

Neno la mwisho nawapa wavuvi, maana ndio ninaowaandikia. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na ninyi ndio mnaokula chakula hicho kilichoharibika. Hamna pesa za kununua motere, lakini mna haki ya kuuliza. Kesho asubuhi, samaki wakishauzwa na pesa ziko mezani, kabla esanse haijakatwa, muulizeni tajiri kwa heshima: "Papa, usiku wa jana motere yako imekunywa lita ngapi, na ngapi kati ya hizo ni zetu?" Atajibu au atakasirika. Vyovyote vile, mtakuwa mmejua mnafanya kazi na nani.